Kiti ya Nyuma kwa Treni ya Walid

Walid: Haloo! Haloo? Sema na nguvu, huku kuna mvuke! Ni nani ananiita na numéro sijuwe?

Agathe: Jambo, shemeji Walid. Ni minye.

Walid: Minye wako wengi mu Kongo. Minye gani?

Agathe: Agathe. Agathe, bibi ya Antoine. Ni simu ya mutoto, ya Jolie, maana yangu batterie—

Walid: Shemeji! Aah! Jambo sana! Habari ya Lubarika? Mihogo inaendelea? Jolie alipita examen ya shule?

Agathe: Alipita. Wote tuko wazima. Walid, nimesimama juu ya kichuguu, hapa njo réseau ya simu inashika kidogo, na unité ya kupiga si nyingi. Usinizungushe.

Walid: Mutu mwenye anapiga simu bila kusalimia ni polisi. Weye si polisi. Nisalimie basi.

Agathe: [anapumua] Haya. Sumaya anaendeleaje?

Walid: Sumaya? Muzima. Iko kwa dada yake, kule Kasenga.

Agathe: Anafanya nini kule?

Walid: Anapumzika.

Agathe: Bibi yako alianza kupumzika lini? Na hiyo kelele ni ya nini? Tsss, tsss, kama nyoka iko inakumeza.

Walid: Ah-ah! Umesikia? Hiyo njo yenyewe, shemeji! Ile lokomotive. Imewaka! Iko na moto tumboni, iko na maji, mushale ya manomètre yenye kupima mvuke iko pa kilo ine, inapumua hapa mu parcelle, mu kiwanja yangu, kama ngombe ya Rurambo yenye imepanda mulima na mimba.

Agathe: Imewaka kweli?

Walid: Ile watu walikuwa wanaita kaburi ya vyuma, leo inatembea. Urefu ni kitanda ya watu wawili, wawili wenye kulala vibaya. Chaudière, chungu yake ya mvuke, ni ile bomba nene ya grue ya zamani ya kupandisha mizigo, gurudumu ni poulies za kamba za port, reli ni vyuma vya paa ya dépôt yenye ilianguka. Inatoka pa mulango ya jiko, inapita chini ya muavoka, inashuka mpaka pale ziwa imekula ukuta yangu, inageuka, inarudi. Na minye juu yake, na kofia. Ulikosa, shemeji! Juzi kiboko alitoka mu maji, akasimama pa reli, akaniuliza bei ya tiketi—

Agathe: Wapi!

Walid: Nikamuambia, baba, muzigo kama weye inapita kwanza pa mizani. Akakasirika. Akarudi kwake bila hata kuaga.

Agathe: Walid.

Walid: Na nguvu yake, shemeji, ukiona vile inavuta—

Agathe: Walid! Kesho.

[mvuke peke yake]

Walid: Kesho niko na—

Agathe: Kesho ni jumamosi. Shimo ya Antoine imechimbwa, pembeni ya kaburi ya baba yake. Mugomba wamechagua, munene, urefu kama wake. Watu wametoka mpaka Kiliba, wamelala hapa, wamekula hapa. Kila kitu iko tayari. Anakosa mutu moja tu, na huyo mutu iko anauzia viboko tiketi.

Walid: Shemeji, minye ni Mwislamu. Nitazika ndizi namna gani? Shehe akiniuliza nitajibu nini?

Agathe: Hakuna mwenye alikuambia uzike. Wazee watazika. Weye kata tu. Unajua vile iko kwetu: mutu akibebwa na maji, na maji ikakataa kumurudisha, tunamuzikia mugomba pa nafasi yake. Na mugomba inakatwa na mutu mwenye alikula naye mara ya mwisho. Mwengine akikata, ni kama amekata mutu.

Walid: Labda alikula na mwengine akishatoka kwangu. Ndani ya boti watu wanakulaka.

Agathe: Wa ndani ya boti wote walienda naye chini ya maji. Nimuulize nani? Alikula kwako. Ndagala na bugali. Akafuta mikono pa suruali, akashuka pa port, akapanda boti ya kwenda Baraka. Sumaya mwenyewe aliniambia.

Walid: Alienda kutafuta bomba ya cuivre, ile shaba ya mashini. Alisema yeye mwenyewe kama kule—

Agathe: Sikuulize.

Walid: —kule kuna mutu mwenye anauza—

Agathe: Sikuulize hiyo, Walid. Sikupanda kichuguu juu ya hiyo.

Walid: Aksanti.

Agathe: Na cuivre ulipata wapi, kama inatembea?

Walid: Ah. Pa frigo moja. Frigo ya zamani.

Agathe: Frigo ya nani?

[réseau inakwaruza]

Agathe: Haloo? Frigo ya nani?

Walid: Yetu. Ile ilikuwa nyuma ya jiko.

[mvuke]

Agathe: Inafanya kazi muzuri?

Walid: Inafanya.

Agathe: Basi. [anakohoa] Mara ya kwanza ya mugomba ulisema uko na malaria. Mara ya pili ulisema muto umebeba daraja, na siku ile ile jirani Noella alifika hapa na moto, na pikipiki, kutoka Uvira, hata viatu havikulowa.

Walid: Ile daraja ilirudi yenyewe. Nilishangaa hata minye.

Agathe: Sicheke, shemeji. Jana mvua ya kwanza ilipiga. Udongo unanuka muzuri mpaka unaweza kulia. Wanawake wote wako mu shamba na mbegu. Minye nimekaa pa mulango na kitambaa nyeusi, nawaangalia. Mujane mwenye hajazika bwana yake hatie mbegu mu udongo. Ulijua hiyo?

Walid: Sikujua.

Agathe: Sasa umejua. Musimu yenye imeisha ilipita hivyo, majani ikaota mpaka hapa pa kifua. Habonimana, mudogo ya Antoine, alisimama mbele ya wazee, akasema shamba haiwezi kulala tena. Wakamupa haki. Kesho ikipita bila mugomba, jumatatu yeye analima. Akishalima, haiko yangu tena. Haiko ya Jolie.

Walid: Huyo Habonimana ni mutu mubaya sana.

Agathe: Si mubaya. Iko na watoto, iko na njaa, shamba ni moja. Njo maana nakuuliza weye, siulize yeye. Utakuja?

Walid: Shemeji, hii mashini siwezi kuiacha.

Agathe: Zima moto, funga mulango, kuja.

Walid: Moto inazimika. Si moto.

Agathe: Ni nini basi?

Walid: Utasema nadanganya.

Agathe: Walid, weye uliambia Kalundu yote kama ulitengeneza moteur ya boti chini ya maji huku unakula muwa. Nitasema vile nitasema. Ongea.

Walid: Ile ya muwa ilikuwa kweli. Ni kiti ya nyuma.

Agathe: Kiti gani?

Walid: Nyuma ya lokomotive kuna kagari kadogo, na kiti. Antoine njo alisoudé ile kiti, aliunga vyuma na moto, na kipimo ya makalio yake. Alisema, weye endesha, minye nitakaa nyuma kama mukubwa. Chini yake tulitia ressorts, zile springi za kiti ya minibus, ili isimuumize. Unanifuata?

Agathe: Nafuata.

Walid: Kati ya kiti na chuma ya chini, mukono yangu inapita. Ngumi nzima. Sawa. Mwanzo wa juma hii niliwasha moto mara ya kwanza. Nikavuta filimbi, nikazunguka. Kufika pale pa kona, pale ziwa imeingia mu parcelle, nikasikia nyuma yangu ressorts zinalia. Kwiii. Kama mutu anakaa. Nikageuka. Hakuna mutu. Na kiti imeshuka.

Agathe: Ni joto. Ressorts zilipata joto.

Walid: Nilisema vile vile. Nikazitoa, nikatia zingine. Nikazunguka. Pale pale. Kwiii. Sasa nikaacha treni ipoe, nikabeba mufuko ya simenti nikaitia pa kiti, nione ni uzito gani wenye kuishusha vile. Shemeji, simenti ilishusha nusu.

Agathe: Nusu?

Walid: Unajua bwana yako. Simenti mbele yake ni mutoto ya kunyonya.

Agathe: [anacheka kidogo, anaacha] Usinichekeshe juu ya huyo.

Walid: Sikuchekeshe. Na chini ya kiti kuna maji inatona. Nilifikiri ni chaudière inavuja. Nikatia kidole, nikanusa. Maji ya chaudière inanukaka mafuta na kutu. Hii ilikuwa inanuka samaki.

Agathe: Walid, kama hii ni muchezo yako, Mungu anakuona, nimesimama hapa na kitambaa nyeusi pa kichwa—

Walid: Sumaya aliona! Alikuwa pa mulango ya jiko na sufuria. Treni ikapita. Akaangalia kiti. Akatia sufuria chini polepole, vile unatia mutoto mwenye amelala. Akachukua kitenge, Kasenga moja kwa moja. Hakuniuliza hata neno.

[réseau inakwaruza]

Agathe: Haloo? Walid?

Walid: Niko.

Agathe: Ile mwanamuke umemudanganya miaka yote ya ndoa, na hajawahi kutoka.

Walid: Njo vile.

Agathe: Apa.

Walid: Wallahi, shemeji. Wallahi. Kiti inashuka.

Agathe: Na sasa?

Walid: Sasa nini?

Agathe: Sasa hivi, tukiongea. Iko juu ao iko chini?

Walid: [sauti ndogo] Iko chini. Hata kidole haipite.

Agathe: Amekaa namna gani?

Walid: Sioni mutu, nakuambia naona kiti—

Agathe: Kiti imeinama upande gani?

Walid: Kushoto. Imelalia kushoto. Kama mutu mwenye anakalia upande moja, ingine inamuuma.

[upepo pa simu]

Walid: Shemeji?

Agathe: Ni ile nyonga. Tangu alianguka pa paa ya kanisa.

Walid: Ee.

Agathe: Lakini hata weye unajua ile nyonga.

Walid: Najua.

Agathe: Unaweza kuitunga.

Walid: Naweza. Lakini minye nikitunga natunga vizuri kuliko hii. Ningemutia na musafara, ningemutia na fanfare ya kanisa, na tarumbeta. Singemuleta amelowa, amenyamaza, anatona maji pa reli yangu.

[mvuke]

Agathe: Hasemi kitu?

Walid: Minye njo nasema. Siku ya kwanza nilimutukana. Nilimuambia, umechelewa, tumewasha moto bila weye, sasa umekuja kukaa tu. Kisha tukazoea. Asubuhi naleta chai mbili. Yake ikipoa, nakunywa. Namuonyesha soudure zake. Unakumbuka wakati tulitia maji mu chaudière mpaka juu, tukasukuma na pompe ya mukono, tuone kama itapasuka? Soudure moja ililia machozi. Tone moja! Antoine alikasirika, akakata yote, akaanza upya, na ile wimbo yake ya misa. Sasa haivuje hata kidogo. Namuambia, angalia, ndugu yangu, haivuje.

Agathe: Nakumbuka. Alirudi usiku ananuka moshi, nikamuambia lala na treni yako. Nilichukia ile mashini, Walid. Ilinichukulia bwana kabla ya ziwa kumuchukua.

Walid: Najua.

Agathe: Hauna kujua. Njo maana hauji, kweli? Malaria ilikuwa kabla ya kiti. Daraja ilikuwa kabla ya kiti.

Walid: Mwanzo nilikuwa nataka kwanza imalizike. Nilisema, mutu asizikwe na kazi yake iko nusu.

Agathe: Na sasa imemalizika.

Walid: Sasa imemalizika na yeye iko hapa. Nikikata mugomba kesho, ataenda. Nani atakaa nyuma? Sumaya? Sumaya anaogopa hata—

Agathe: Na minye?

Walid: Shemeji—

Agathe: Na minye, Walid? Weye umemupata na chai mbili. Minye sijamupata hata mu ndoto. Kila usiku naacha mulango bila kufunga na kamba, kama mujinga. Kwa nini hakuja kwangu? Miaka yote nimemufulia, nimemuzalia, akifa anaenda kukaa nyuma ya Walid!

[upepo pa simu]

Walid: Lubarika iko mbali na maji, shemeji. Labda hawezi kufika.

Agathe: [analia kidogo] Nyamaza.

Walid: Labda njo vile tu. Hapa maji inafika mpaka pa reli.

Agathe: Nyamaza kidogo.

[anapenga kamasi]

Agathe: Sikiliza sasa. Mbele ya kukata mugomba, mujane anashuka pa maji, anamuita mutu yake, anamuaga. Minye sikushuka. Wakati ule njia ilikuwa mubaya, walinikatalia. Wakasema haizuru, tutasali. Si kweli, iko na neno. Tia haut-parleur, simu itoe sauti kubwa.

Walid: Tia nini?

Agathe: Haut-parleur! Tia simu pale pa kiti.

Walid: Juu yake?

Agathe: Juu yake, pembeni yake, pa magoti, sijuwe! Tia. Na weye ondoka, enda pale pa muavoka. Usisikilize.

Walid: Shemeji, mushale inapanda, siwezi kuacha moto peke yake, soupape ya kutoa mvuke itafunguka—

Agathe: Ifunguke! Unité inaisha, Walid, ninaomba!

Walid: Sawa. Sawa. Natia. Bismillahi... [chuma inagonga] Imekaa. Ni baridi hapa, shemeji, karibu na moto yote hii, kiti ni baridi. Naenda. Niko naenda.

[hatua, mvuke, tone ya maji, tone]

Agathe: Baba Jolie.

[tone]

Agathe: Baba Jolie, ni minye. Kama hauko pale, basi naongea na kiti ya minibus, na Walid atanicheka mpaka nizeeke. Haizuru.

[tone]

Agathe: Jolie alipita. Ile mbuzi nyeusi ilizaa, mapacha. Koti yako nilimupa jirani Hyacinthe, usikasirike, panya ilikuwa inaikula.

[réseau inakwaruza]

Agathe: Ulisema utarudi jumapili. Nilipika. Nikafunika chakula. Sikuitoa mpaka ilinuka, na wa nyumbani wakaona, hakuna mwenye alisema kitu. Sitaki kukuuliza kama ulisikia baridi. Naogopa kuuliza.

[tone, tone]

Agathe: Naona kama pale pa Walid iko muzuri kwako. Weye na vyuma vyako. Unapewa chai. Lakini mvua imepiga, Antoine. Nataka kupanda. Si kama nataka kukusahau. Nataka kupanda mahindi tu, na Jolie akule. Kama unakaa nusu huku, nusu kule, minye siwezi kugusa udongo. Unasikia?

[filimbi ya treni inalia, ndefu, karibu kabisa na simu]

Agathe: Yesu! Antoine?

[filimbi inakatika]

Agathe: Antoine. Nimekuita, nimekuaga. Shuka, bwana yangu. Shuka sasa.

[hatua za mbio]

Walid: [anahema] Haloo! Shemeji! Nani amevuta filimbi?

Agathe: Si weye?

Walid: Minye niko pa muavoka! Kamba ya filimbi iko mbele, pa nafasi yangu, toka nyuma mukono haifike! Umemuambia nini?

Agathe: Angalia kiti.

Walid: Soupape imefunguka, mvuke ni mingi, sioni hata—

Agathe: Tia mukono!

[mvuke]

Agathe: Walid?

[tone]

Agathe: Walid, ninaomba. Iko juu ao iko chini?

Walid: Iko... Iko juu.

Agathe: Mukono inapita?

Walid: Inapita. Ngumi nzima.

Agathe: Apa.

Walid: Shemeji, unité yako itaisha mbele ya—

Agathe: Apa, Walid.

Walid: Kesho natoka na jua. Nitapanda moto ya kukodi pa rond-point, nitakuja na panga yangu mwenyewe, nainoa leo. Muto ukibeba daraja, nitavuka na suruali pa kichwa. Shehe akiniuliza, nitamuambia nilikata ndizi, hakuna Aya yenye inakataza kukata ndizi. Mugomba itaanguka na mukono yangu. Jumatatu weye uko mu shamba na mbegu. Hiyo naapa. Wallahi, shemeji, hiyo naapa mara mia.

Agathe: Hiyo unaapa.

Walid: Hiyo naapa.

Agathe: [polepole] Sawa.

Walid: Sawa?

Agathe: Nimesikia. Alishuka. Njo vile nitaambia wazee. Njo vile nitaambia mutoto.

Walid: Ee. Waambie vile.

Agathe: Na mupitie Sumaya, uje naye. Muambie arudi nyumbani.

Walid: Nitamuambia.

Agathe: Na kula mbele ya kutoka, hapa watu ni wengi, chakula itachelewa. Walid?

Walid: Niko.

Agathe: Aksanti, shemeji. Hata kama—

[tuut, tuut, tuut]

Walid: Haloo? Shemeji? Haloo? Imekatika.

[mvuke inapungua, tone ya maji, tone, ressort inalia kidogo]

Walid: Umesikia mwenyewe, ndugu yangu. Sikukufukuza, minye. Mwanamuke anataka kupanda. Haya, shuka. Polepole. Maji si mbali, ni pale tu pa kona. Nitakusindikiza.